Umeokota bundi ama mwewe ameumia huku Nakuru? Soma hii uzi kabla umpee maziwa

AgrovetNjoro

Wadau, habari zenu. Mimi niko na agrovet upande wa Njoro, nauza mbegu, chakula ya kuku, dawa ya kupe, na ndio, dawa ya panya pia, nitafika hapo. Sasa juu navaa koti nyeupe watu wameamua mimi ni daktari wa kila kitu iko na miguu. Mbwa akigongwa analetwa kwangu, ng'ombe akifura tumbo napigiwa simu saa tisa usiku, na siku hizi, sijui vijana wamepata roho ama ni nini, naletewa ndege. Si kuku. Bundi, mwewe, saa ingine tai mzima, amefungwa kwa gunia ya mbolea ama amefunikwa na karai na jiwe juu. Na karibu kila mmoja anafika ameshawekewa kitu mdomoni. Maziwa. Ugali. Mkate umechovywa kwa chai. Kuna mwewe aliletwa amemwagiwa mafuta ya taa kwa kidonda, aliyemleta anasema ndio vile babu yake alikuwa anafanya kwa mbuzi.

Nimeandika juu kuna watu hapa hapa kaunti yetu wanafanya hii kazi na wengi wetu hatuwajui. Kenya Bird of Prey Trust. Wako na kituo Naivasha na kingine Soysambu, ile conservancy ya Elmenteita unaiacha mkono wa kulia ukienda Nairobi. Ukiuliza utatajiwa Simon Thomsett na Shiv Kapila, hao ndio wanajulikana. Wanashughulika na ndege wanaokula nyama peke yake, bundi, mwewe, kipanga, tai, tumbusi. Usiwapelekee njiwa.

Watu wakisikia kuokoa wanyama wanafikiria wale twiga wa Baringo. Mnakumbuka maji ya ziwa ilipanda wakabaki kisiwani, wakavushwa mmoja mmoja na raft ya chuma iko na madrum chini, ikaanza Desemba 2020 hadi Aprili 2021, wakapelekwa hifadhi ya Ruko. Ilikuwa kazi safi na kila mtu aliposti. Sasa bundi ameungua bawa Rongai nani ataposti? Halafu twiga ukimvusha umemaliza. Huyu ndege ukimtibu hujaanza.

Wacha nieleze, juu hapa ndio watu hawaelewi wakiuliza mbona ndege amekaa huko miezi na mfupa ulishapona. Mfupa unawekwa pini, unashika, sawa. Lakini mwewe anaishi kwa kushika kitu inakimbia. Akikaa bila kuruka misuli ya kifua inaisha, unamshika unasikia huo mfupa wa katikati umetoka nje umekaa kisu. Kwa hivyo anawekwa kwa banda refu aruke, akitoka hapo anafungwa kamba nyepesi mguuni anarushwa uwanjani, kila siku, anapimwa kwa mizani kabla apewe chakula. Hiyo yote imetoka kwa watu wa zamani waliokuwa wanawinda na ndege. Akianza kuruka bila kuhema ndio wanaangalia kama anaweza kuua mwenyewe. Hawezi? Hatoki.

Na manyoya. Hii mimi ndio ilinimaliza. Manyoya ya bawa ikivunjika haioti mpaka ule wakati wake wa kubadilika, inaweza chukua mwaka na zaidi. Sasa wale jamaa wanaweka manyoya yote inayoanguka kwa ndege wengine wa aina hiyo hiyo, wanaipanga. Ndege akija amevunjika tatu, nne, wanakata ile iliyovunjika, wanaingiza kijiti chembamba ndani ya ule mrija na gundi, wanachomeka nyingine, ya upande ule ule, nafasi ile ile. Unamaliza huoni mahali pameungwa. Na ndio maana mimi nagombana sana na mambo ya gunia na waya ya kuku, juu unaleta ndege aliumia mguu tu, akifika amejivunja manyoya yote ya mkia akipigana na hiyo waya, na umeongeza kazi ya miezi.

Sasa dawa ya panya. Nauza, sitaficha. Hizi nyingi za siku hizi zinazuia damu kuganda. Panya akikula hafi hapo, anamaliza siku tatu, nne, tano, na hizo siku zote anatembea mchana kweupe, polepole, amelewa kama mzee ametoka kwa chang'aa. Bundi anaona huyo ndio rahisi. Anakula mmoja leo, mwingine kesho, na dawa inakaa kwa maini yake inaongezeka. Mwisho anakwaruzwa kidogo tu damu haisimami. Akiwahiwa kuna vitamini K anadungwa na anaweza kupona. Ile ya viuadudu ndio mbaya zaidi, hizi za kunyunyiza shamba mtu anachanganya na nyama kuua mbwa wa jirani ama fisi. Ukiona ndege amekunja kucha ngumi kabisa, mate yanatoka, kichwa hakisimami, hiyo ni sumu na huna muda, dawa yake, atropini, iko kwa daktari wa mifugo si kwa jikoni yako.

Kwa hivyo ukimpata. Mrushie leso ama sweta juu, kichwa kifunikwe, akiwa gizani anatulia. Shika miguu, si mabawa. Watu wanaogopa mdomo na kinachotoboa mkono ni kucha. Weka kwa katoni, toboa mashimo, taulo chini, funga, weka mahali hakuna watoto wala TV. Usimpee chochote. Hata maji usimtie mdomoni, tundu la pumzi liko hapo kwa ulimi, unamzamisha ukidhani unamsaidia. Halafu piga simu KWS, wale wa serikali wa wanyamapori, Nakuru si wako pale kwa geti ya park, watakuunganisha. Usimtume kwa matatu na parcel bila kuongea na mtu anayempokea. Na usikae naye wiki mbili ukimuangalia vile anapendeza, kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa kwa ile sheria ya 2013.

Maswali leteni.

Kifaranga_Boss

Mimi niko Bahati, nimeanza na vifaranga wa kienyeji na mwewe amenifanya maskini, halafu naambiwa kuna mtu anamuwekea pini kwa mfupa. Watu wanalala njaa hii nchi. Nani analipia hiyo? Kuku akibebwa na mwewe serikali hailipi hata shilingi.

AgrovetNjoro

Uko na haki ya kukasirika. Hiyo pesa ni ya wafadhili na watu wanaochangia, si ushuru wako. Lakini niambie, huyo mwewe wako mkia wake umepasuka katikati, wa kahawia kote, anazunguka hata sokoni na dampo? Huyo ndiye mwizi wa vifaranga. Yule mwingine mnene, mgongo mweusi, kifua cheupe, mkia mwekundu-kahawia, anakaa juu ya nguzo asubuhi nzima hasongi, huyo shida yake ni fuko na panya na nyoka. Huku kwetu watu wanampiga huyu wa pili juu amekaa mahali unamuona, yule mwizi ameshaenda. Vifaranga wekea neti juu mpaka wakomae kidogo, nauza neti, hiyo sasa ni tangazo 😂

Mzee_wa_Molo

Huyu wa mkia mwekundu namjua tangu utoto. Mimi ni mtu wa viazi na karoti, na kama uko Molo, Elburgon ama Mau Narok unajua fuko ni nini, unaamka laini nzima imenyauka, ukivuta shina linatoka lenyewe halina kitu chini. Tunalipa vijana wa mitego, ile ya waya na fimbo imepindwa, unalipa kwa kila fuko na anakuletea mkia kama risiti. Sasa kwa kona ya shamba kuna mti wa mkaratusi hao ndege wawili wamekaa miaka, na hapo chini ya mti unakuta mafuvu ya fuko na manyoya yamefungana vidonge vidonge. Hao sijawahi kulipa. Jirani yangu alikata mti wake akauza mbao, sasa anakuja kukopa mtegaji.

AgrovetNjoro

Asante mzee wangu. Hivyo vidonge ndivyo ndege anatapika, manyoya na mabaki ya mifupa ambayo tumbo halikusaga, mifupa ingine inasagwa na mwili unaitumia. Ndio maana ukimfuga na minofu ya kuku peke yake anaharibika, hasa kinda, hapati mifupa, miguu inapinda na hairudi.

Fundi_Stima

Kwa mambo ya nguzo mniachie hii. Watu wanauliza mbona ndege wadogo wanajaa kwa waya hawafi. Akiwa kwa waya moja hakuna shida. Shida ni akigusa mbili, ama waya na kitu iko na earth, yaani imeungana na ardhi. Shomoro hafikii. Tai akifungua mabawa kutua amefikia. Nguzo ya mbao na mkono wa mbao, afadhali kidogo. Sasa zimekuja za simiti, iko na nondo ndani, na mkono juu ni chuma, hapo amesimama kwa earth tayari, bawa likigusa tu laini amekwisha. Transfoma ndio mbaya kabisa juu hizo jumper, waya fupi za kuunganisha, ziko karibu karibu. Kuvalisha jumper plastiki na kushusha laini chini ya mkono si kazi ya ajabu, ni vile tu mtu akichora hiyo laini hakuna ndege kwa mchoro. Mimi nimeokota chini ya transfoma moja tu, mahali sitataja, mifupa ya ndege wa kila saizi, na ni ile ile inayozimia watu stima kila mara. Ndege akifa na fyuzi inaenda. Hata kama hupendi ndege si unapenda stima.

AgrovetNjoro

Fundi ongea. Na niongeze kitu kwa hapo, juu inadanganya watu. Ndege wa stima akiletwa siku ya kwanza anaonekana mzima. Anasimama, anakutolea macho. Ukimkagua unapata tu doti nyeusi kwa kidole cha mguu, na kwa bawa manyoya mawili yamekunjika yananuka nywele imechomeka. Watu wanasema huyu alizimia tu, wanamrusha. Siku tano, wiki, nyama ya bawa inaanza kufa kutoka ndani, inakauka inakuwa ngumu, na huko nje hakuna mtu wa kumuona. Ukipata ndege chini ya nguzo usimrushe hata akipiga mabawa vizuri.

Dada_Kiamunyi

Jamani sikujua kuna watu wanajua hivi vitu. Saa hii nikiandika niko na kitoto cha bundi kwa beseni. Kimeanguka kutoka kwa dari ya nyumba ya landlord, ni kama pamba, kinafanya ssssss nikikaribia. Caretaker anataka kukiua anasema kuna mtu atakufa kwa ploti. Nimeficha bafuni. Nimekipa maziwa kidogo 😭 nifanye nini

AgrovetNjoro

Dada pumua. Maziwa wacha hapo. Uso wake uko vipi, mweupe umekaa shepu ya moyo?

Dada_Kiamunyi

Eee, wa moyo kabisa. Mbaya lakini mzuri.

AgrovetNjoro

Huyo ni bundi wa madari, kama hana damu na mabawa yote yanakaa sawa dawa ni kurudi alikotoka. Hawa wakikaa chini wazazi huwa hawawashughulikii, lazima arudishwe juu. Jioni kabla giza liingie shika na taulo, mtu apande ngazi amweke ndani ya hilo shimo kabisa, mtoke. Usiogope ati mama atasikia harufu ya mtu amkatae, hiyo ni hadithi. Ingekuwa ni ile aina kubwa ya masikio ya manyoya ningekuambia kitu ingine, hao watoto wanatoka kwa kiota kabla kuruka na wazazi wanawalisha hata wakiwa chini, wanataka tu tawi mbwa hawafiki. Usiku skiza. Ukisikia makelele ya kukwaruza mara nyingi, analishwa. Ukiona kesho ameanguka tena ama amelala tu, piga KWS. Na usikae kumlea, akikulia kwa mikono yako atajiona mtu, siku ya kuachiliwa anatua kwa bega ya mtu barabarani kuomba chakula, na unajua bundi akitua kwa bega ya mtu nini inafuata. Mawe.

Caretaker mwambie hao wazazi kwa dari ndio sababu hakuna panya kwa ploti.

Omera_Dunga

Sisi wa Kisumu mnatuacha nje kila saa. Huku hatuna hiyo ya ndege wa nyama karibu, KWS ndio kila kitu, na pale Impala Sanctuary kuna wanyama waliletwa yatima ama walitolewa kwa mikono ya watu. Kitu nataka kuongeza ni kasuku wa kijivu. Watu wanaletewa kutoka ng'ambo ya mpaka, wanadhani ni ndege wa kufuga tu sawa na kanga. Tangu 2017 huyo yuko kwa orodha ya juu kabisa ya CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe wa porini, biashara ya kimataifa ya wale wa porini imefungwa. Kuna mtu atakuuzia na atakuambia karatasi zinakuja. Omera hazikuji.

Mkaaji_Budalangi

Nimesoma kimya nikasema wacha niandike. Ile ya sumu mnaongea ya fisi na panya, kwetu Bunyala ilikuwa ni biashara. Kwa mashamba ya mpunga. Mtu anachukua konokono anaweka Furadan, dawa ya wadudu wa shamba, ndani, anazitupa kwa maji, na anaweka korongo hai amemfunga hapo ndio wengine waone mwenzao anakula waje. Wale korongo mdomo wao hauzibi katikati, chakula yao kubwa ni konokono. Wanaanguka wengi kwa mara moja. Halafu wanauzwa. Nyama. Watu walikuwa wanatoa matumbo wanasema sumu imetoka, wanapika. Kuna mtafiti Mkenya, Martin Odino, alikuja akaandika na kupiga picha hiyo yote, huko 2009 kuendelea, na mwaka huo huo kampuni ya Marekani iliyokuwa inatengeneza ilikuwa imeanza kuinunua irudi kutoka kwa maduka ya Kenya juu ya kelele ya simba kuuliwa nayo. Sasa nauliza hao wa Naivasha, hapo mngeokoa nini? Korongo akikula hiyo hafiki hata barabarani.

AgrovetNjoro

Hapo hakuna wa kuokoa, nakubali kabisa. Na tumbusi ni vile vile, mzoga mmoja ukiwekwa sumu unamaliza makumi ya ndege asubuhi moja juu wanakuja wote pamoja, ukifika wawili wako hai. Watafiti wakiongozwa na Darcy Ogada walilinganisha hesabu za barabarani za miaka ya 70 na za 2003 hadi 2020, aina 22 za ndege wawindaji hapa Kenya, aina 19 zimepungua. 2022 ndio ilitoka. Hakuna kliniki inaweza shindana na hiyo. Ndio maana hao watu wanatembea pia kwa wafugaji kuongea mambo ya boma imara na kutoweka sumu, na ukiniuliza hiyo ndio inafaa kupewa pesa kwanza kuliko pini. Lakini ndege mmoja ukimuona macho, ameletwa na mtoto wa shule amembeba kwa sweta kutoka Mauche, si utamwambia huyo mtoto rudi naye nyumbani hesabu haikubali.

Kifaranga_Boss

Sawa nimeenda kuangalia. Ni yule mkia umepasuka. Neti ni pesa ngapi mita?

AgrovetNjoro

Njoo inbox, hapa si soko.

Dada_Kiamunyi

Update: fundi wa maji amepanda akamrudisha, akakuta wengine wawili huko ndani. Kulikuwa na kelele usiku mzima sijalala. Caretaker haniongeleshi.

Mzee_wa_Molo

Swali moja AgrovetNjoro. Mimi store yangu ya mahindi panya wameshinda paka. Nikitaka huyo bundi wa uso wa moyo aje akae nafanyaje, nisimkamate kwa mtu?

AgrovetNjoro

Usimkamate, atajileta kama wako karibu. Tengeneza sanduku ya mbao, isiwe ya rangi, sakafu kama futi moja na nusu kwa mbili, mlango upana wa sentimita 15 hivi, uwe juu kidogo si usawa wa sakafu ndio watoto wasianguke kama wale wa Kiamunyi. Weka juu ndani ya store ama kwa ukuta wa nje chini ya mabati ya kuning'inia, mahali paka hafiki na jua la mchana halichomi. Inaweza kaa miezi bila mtu, usitoe. Na siku utaweka hiyo sanduku dawa ya panya iishe kwa hiyo boma yote, na kwa jirani kama anakusikia, juu ukimkaribisha halafu umlishe sumu afadhali usimwite. Hata kwangu usinunue.

Mzee_wa_Molo

Mbao niko nazo. Shida ni mama watoto, akisikia bundi anahama yeye. Nitamwambia hiyo sanduku ni ya nini?

AgrovetNjoro

Ya njiwa.